Isaka Alishuka na Nani

Anayekuambia kwamba kazi ni kupanda mlima, huyo hajawahi kushuka na magoti ya miaka sitini na mmoja. Muulize Onchiri. Wakati wa kupanda watu wanaimba, moyo unakusukuma, na walio nyuma wanaona kisogo chako tu, hawajui kama umekunja uso. Wakati wa kushuka hakuna anayeimba. Vijana wanakupita mbio wakiwahi uji, na wewe unabaki na goti lako la kushoto mkitazamana.

Onchiri ni katekista. Ukifika Sori, huku Nyatike ziwani, ukamuulizia, watakuelekeza kwenye meza ya ndizi na kabeji mwisho wa soko, karibu na akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Usishangae. Ukatekista haujawahi kumlisha mtu, na ndizi za kwao Kisii ndizo zilizomweka hai. Alitoka huko kijana, akauza ndizi mjini Homa Bay miaka minne, akafundishwa kazi ya ukatekista hapohapo, kisha padre mmoja akamtuma Sori kwa muda mfupi. Muda huo mfupi sasa una miaka thelathini na moja. Waluo wa hapa wanamwita Japuonj, yaani mwalimu, na Kijaluo chake bado kinawachekesha mpaka leo.

Amezika watu wengi kuliko padre yeyote aliyepita parokiani, maana padre huwa safarini, na maiti hawasubiri ratiba. Amefundisha watoto wa komunyo ya kwanza hadi sasa anafundisha watoto wa wale watoto. Na somo lake lililopendwa kuliko yote ni la milima. Huwahesabisha kwa vidole: Moria, Sinai, Nebo, Karmeli, Tabori, Mizeituni, Kalvari. Akishamaliza huuliza, "Sasa niambieni, kwa nini Mungu alipenda sana kuitana na watu mlimani?"

"Kwa sababu ni karibu na mbinguni!" watoto hupiga kelele.

"Wapi! Hata kunguru hufika karibu zaidi, na ni mwizi. Mungu anakuita mlimani kwa sababu ukiwa chini hujui umebeba nini. Panda uone. Hata kikombe utakisikia uzito."

Watoto hucheka. Na kama ulikuwa makini ungeona kitu kimoja: Sinai aliisimulia kwa ngurumo na moshi wake wote, Karmeli akaigiza mpaka manabii wa uongo wanavyorukaruka, lakini Moria aliipita upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani waliyekosana. Ibrahimu, mwana, kuni, kisu, kondoo dume, amina. Twende Sinai.

Miaka sita sasa anaipita hivyo.

Nje kidogo ya Sori kuna kilima kimoja cha mawe, si kikubwa, ambacho watu wamezoea kukiita Got Lamo, kilima cha maombi. Kila Ijumaa Kuu parokia hupanda huko kwa Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne, kila kituo chungu ya mawe yenye namba ya chokaa. Onchiri ndiye aliyeziweka zile chungu. Ndiye aliyechonga msalaba pia, wa mti wa mkaratusi, mzito kweli, na tangu hapo ikawa desturi kwamba nyumba ya katekista ndiyo inayotoa mbebaji mpaka kituo cha tisa. Kwenye kila kituo katekista hutoa tafakari fupi, na hapa Sori tafakari haiwi tafakari bila mfano wa mtu halisi. Watu huwa wanangoja hiyo. Nani atatajwa mwaka huu? Mlevi gani, mwizi gani wa nyavu? Anayetajwa huinamisha kichwa, watu wanaguna, mnaendelea kupanda. Ni desturi yenu, mmekua nayo, hamuoni ubaya wake mpaka siku inapokata mahali pasipostahili.

Mwanawe anaitwa Mochama. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na malaria iliyompanda kichwani, akakakamaa, macho meupe. Onchiri alikimbilia Got Lamo, akapanda kwa magoti juu ya yale mawe mpaka damu, na huko juu akaweka nadhiri: mtoto huyu akipona, Bwana, ni wako, atakuwa padre. Mtoto akapona. Gesare, mkewe, ambaye wakati huohuo alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na kutembea naye mpaka zahanati, amekuwa akisema tangu hapo kwamba sindano nayo ilifanya kazi yake. Onchiri hakupenda kuusikia usemi huo.

Basi Mochama akakua akiwa wa Mungu. Wenzake wakienda kuogelea, yeye anafua kanzu za watumishi wa altare. Akapelekwa seminari ndogo. Mwaka wa tatu akarudi nyumbani na sanduku lake, akasimama mlangoni. "Tata, mimi si padre. Nimejaribu." Baba akamrudisha. Akaja tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu hakuja nyumbani, alienda moja kwa moja Osiri kwenye mashimo ya dhahabu, ambako hakuna anayekuuliza uliahidiwa kwa nani, kamba inakushusha tu.

Hata hivyo Ijumaa Kuu ya mwaka ule Mochama alikuja. Hakuitwa. Alikuja kwa sababu ni desturi ya nyumba yao, akaupokea msalaba akaubeba kimya mpaka kituo cha tisa, pale kwenye mwamba bapa unapoliona ziwa lote, kituo cha Yesu kuanguka mara ya tatu. Jasho linamtoka, shati limemgandama. Alikuwa na miaka ishirini. Na Onchiri, ambaye wiki nzima alikuwa amekula hasira badala ya chakula, akafungua mdomo mbele ya parokia nzima.

"Mnamwona huyu? Ni mwanangu. Nilimtoa kwa Mungu juu ya kilima hiki, na yeye amemtoroka Mungu akaenda kuchimba dhahabu shimoni kama panya. Mkitaka kujua Bwana alivyoanguka mara ya tatu, mtazameni huyu."

Watu wakaguna kama kawaida. Mochama hakuinamisha kichwa. Aliutua msalaba taratibu, akauegemeza kwenye chungu ya mawe ili usianguke, akashuka peke yake. Miaka sita hajakanyaga nyumbani. Mama yake anamwona Osiri. Baba, hapana.

Mtu anaweza kuendelea kufundisha na kuzika huku kitu kama hicho kimemkaa kifuani? Anaweza. Anachoka tu. Onchiri amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Anaamka akiwa amechoka, anapanga ndizi amechoka, anasoma sala za wafu huku akiwaonea wivu wafu kidogo, Mungu amsamehe.

Mwaka huu padre mpya, kijana mpole, akamwita. "Mwalimu, mwakani nafikiria Njia ya Msalaba tuzunguke nayo sokoni, kwenye tambarare. Wazee wanaumia, hata wewe. Hii ya mwaka huu uongoze, iwe ya kukiaga kilima."

Onchiri akasema sawa, Padre. Alipofika nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Kama kilima kinaagwa, basi hii ndiyo mara ya mwisho ya kurekebisha kilichoharibikia kule, na asipotaka kufa huku hajazungumza na mwanawe, njia ndiyo hiyo inafungwa.

Akamtafuta Millicent, mama wa jumuiya yao ambaye hupika chapati na maharagwe kule Osiri kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi na humlisha Mochama karibu kila siku. "Mwambie kilima tunakipanda mara ya mwisho. Mwambie namwomba aje, nataka kusema naye palepale kwenye cha tisa."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Alhamisi jioni, siku nane kabla ya Ijumaa Kuu, Millicent alisimama mbele ya meza ya ndizi, akaanza kupapasapapasa vidole vya ndizi kama mnunuzi.

"Japuonj, nimempata."

"Amesemaje?"

"Amesema huko juu haendi. Amesema hivyo tu. Halafu akaomba chai nyingine." Akamwangalia kwa huruma. "Pole, jaduong', pole mzee wangu."

Usiku Onchiri hakumweleza mkewe chochote, asubuhi ikamshinda, akaeleza. Gesare alikuwa akichambua mtama. Aliendelea kuchambua muda mrefu.

"Baba Mochama, ulimwita aje wapi?"

"Kituo cha tisa. Palepale, ili watu walioona..."

"Wewe mwanamume wewe!" Gesare akaweka ungo chini. "Hapo ndipo ulipomchinja mtoto, halafu unamwambia arudi hapohapo alale tena? Hata mbuzi hawezi kukubali."

Onchiri alichukua Biblia yake iliyofungwa na mpira wa baiskeli, akatoka nje, akafungua mahali alipopaogopa miaka sita. Akasoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye karatasi ya matokeo. Wanapanda wawili, baba na mwana, na Maandiko yanasema hivyo mara mbili, kwamba walikwenda pamoja. Mwana amebeba kuni. Mwana anauliza yuko wapi mwanakondoo. Halafu kisu, halafu sauti, halafu kondoo dume kichakani. Akaendelea mpaka mwisho wa habari, mahali ambapo hakuna anayefundisha. Ibrahimu akarudi kwa watumishi wake waliomngoja chini. Ibrahimu. Isaka hatajwi.

Akarudia kusoma. Hatajwi kabisa. Walipanda wawili, na anayeandikwa kushuka ni mzee peke yake. Onchiri alipekua kurasa zilizofuata akitafuta mahali ambapo wawili hao wanaongea tena, na kufikia Ibrahimu kuzikwa hakuwa ameona hata neno moja. Miaka thelathini na moja amefundisha somo hilo, lo, na hakuwahi kujiuliza Isaka alishuka na nani.

Halafu akaona la pili, na hili ndilo lililomvunja. Ibrahimu aliambiwa. Sauti ilimwita kwa jina, ikamwambia mtwae mwanao. Yeye Onchiri nani alimwambia? Alipanda mwenyewe, akatoa mwenyewe kitu ambacho si chake, na hakuna aliyemwomba. Alikaa pale kwenye kivuli cha ukuta akalia, mzee mzima, mpaka kuku wakamzoea.

Ijumaa Kuu jua lilichoma tangu saa tatu. Tangu Mochama aondoke vijana wa parokia ndio waliokuwa wakibeba msalaba, lakini mwaka huu Onchiri akaubeba mwenyewe ule mkaratusi, na Padre alipotaka kumpokea alikataa. Gesare hakupanda. Alisema atangoja chini. Kituo cha nne goti lilianza kufura. Cha sita alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo. Cha tisa hakuutua msalaba, uliteleza tu, akaketi juu ya mwamba bapa akiwa ameushika kwa mikono miwili. Ziwa lilikuwa limelala pale chini, na watu wakangoja mfano wa mwaka huu.

"Sina mfano," Onchiri akasema. "Nina mimi tu." Sauti haikutoka vizuri, walio nyuma wakasogea. "Mwaka ule nilisimama hapa nikamtaja mwanangu. Mnakumbuka. Niliwaambia nilimtoa kwa Mungu. Nilidanganya. Mungu hakuniomba mtoto. Nilikuwa naogopa, nikamfanya mtoto malipo ya woga wangu, na aliposema hataki nikamwaibisha mbele yenu. Aliyeanguka hapa siku ile si yeye. Ni hayo. Tuendelee na cha kumi."

Hakuna aliyeguna. Jaduong' mmoja akavua kofia. Kisha wakaendelea, na msalaba Padre akaubeba mwenyewe mpaka juu.

Sasa mtu angedhani mzigo umetoka, apate nafuu. Hakuna. Onchiri alimaliza cha kumi na nne akiwa mtupu kama debe, maana aliyestahili kusikia yale hakuwepo, na kuwaambia watu mia mbili ambao hukuwakosea ni rahisi, ukitaka kujua ukweli.

Watu wakateremka mbio kwenda kufungua mfungo. Wengine walitaka kumshika mkono, akawaambia tangulieni, nitakuja. Alishuka kwa kukaa, akiteremsha mguu mmoja, akipumzika, akiteremsha wa pili. Alipofika karibu na kituo cha saba ndipo akatazama chini.

Gesare alikuwa amesimama mwanzo wa njia. Kando yake kulikuwa na pikipiki, na juu ya pikipiki kijana amekaa upande, suruali nyekundu kwa udongo wa Osiri kuanzia magotini. Kwa umbali ule uso hauonekani. Lakini nani asiyejua mabega ya mwanawe?

Amekuja. Huko juu alisema haendi, na kweli hakwenda. Amekuja mpaka pale kilima kinapoanzia.

Onchiri akajaribu kwenda haraka, goti likakataa katakata. Akajaribu kuita, koo lilikuwa limekauka kwa mfungo na jua, ikatoka pumzi. Mungu wangu, atangoja? Alimwona kijana akiangalia saa ya simu. Alimwona akisema neno na mama yake, mama akatikisa kichwa. Kituo cha saba mpaka cha sita zilikuwa hatua arobaini, alizipanga mwenyewe, na leo zilikuwa safari ya kutoka Sori hadi Kisii. Kisha kijana akashuka kwenye pikipiki, akaigeuza ikatazama barabara.

"Ngoja," Onchiri alisema kwa sauti ambayo hata jiwe la jirani halikusikia. "Ngoja kidogo, mwanangu." Akateleza, akaketi kwa kishindo, akabaki hapo. Alifunga macho asione pikipiki ikiondoka. Hakuomba chochote. Alikuwa ameomba sana juu ya kilima hiki, na maombi yake mengine ndiyo yaliyomleta hapa.

Alisubiri mlio wa injini, haukuja. Kilichokuja ni kokoto zinazoporomoka, na harufu ya udongo wa shimoni. Akafungua macho.

Mochama alikuwa amesimama hatua mbili chini yake, anahema. Amekuwa mwanamume, ndevu kidogo, kovu jipya kwenye paji. Walitazamana mpaka ikawa vigumu.

"Mama amesema goti lako limeisha," Mochama akasema.

"Limeisha."

"Nilikuwa nageuza piki tu, ukishuka iwe tayari. Nikaona umeanguka."

Onchiri akataka kusema pole, akataka kusema karibu, yakagongana. Yakatoka yale mengine. "Mungu hakuniomba, Mochama. Wewe hukuwa deni la mtu. Mimi ndiye nilijipandia huku nikakutoa, na sikuwa na ruhusa."

Kijana akatazama pembeni, kule ziwani.

"Hayo umeyasema huko juu?"

"Nimeyasema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu wote."

"Kama ile siku."

"Kama ile siku," Onchiri akasema. "Lakini sikuwa nimekwambia wewe."

Chini, Gesare alikuwa ameweka mkono juu ya macho kukinga jua, anawatazama.

"Tata, mimi nikwambie ukweli," Mochama akasema. "Sijakuja kukusamehe. Hiyo bado. Pengine itakuja, pengine haitakuja, sijui. Nimekuja kukushusha."

"Sawa," Onchiri akasema. "Hata hiyo ni nyingi."

"Na kesho niko shimoni, usinianzie mambo ya misa."

"Sitaanza."

"Simama basi. Shika hapa." Akageuka akampa bega, bega gumu la mtu wa kuvuta kamba, na Onchiri akaliwekea mkono kwa woga, kama mtu anayegusa kitu cha duka ambacho hana uwezo wa kukinunua. Wakaanza. Mochama akitangulia kukanyaga, akionyesha jiwe lililo imara, baba akifuata. Wakapita cha tano. Wakapita cha nne. Hawakuongea tena, isipokuwa hapa panateleza, na leta mguu, na pole.

Kituo cha tatu Mochama akauliza kama wapumzike. Onchiri akasema hapana, twende tu. Zilikuwa zimebaki chungu mbili za mawe kufika kwa Gesare na pikipiki, na yule mzee, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimwomba Mungu njia iishe, akaanza kukanyaga polepole makusudi.